Naomba ushauri: dawa ya kipandauso na hofu ya kiharusi

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu, nina miaka 34, na kipandauso kimenitesa tangu nikiwa shule. Kabla kichwa hakijaanza kugonga naona vimulimuli pembeni mwa jicho la kushoto, kama jua likicheza juu ya ziwa, halafu vidole vinakufa ganzi. Nusu saa baadaye nimelala, pazia limefungwa, ndoo kando ya kitanda.

Daktari aliniandikia sumatriptani. Inanisaidia, siwezi kudanganya. Tatizo ni kwamba sikumwambia natumia vidonge vya kupanga uzazi, vile vyenye estrojeni (homoni ya kike), wala hakuniuliza. Juzi mfamasia mmoja pale Kondele akanikazia macho: dawa hii hubana mishipa ya damu, je, presha yako ikoje? Kumbe mwenye presha isiyodhibitiwa, au aliyewahi kupata kiharusi, hapaswi kuimeza. Tena kipandauso cha kuanza na vimulimuli, ukichanganya na estrojeni, huongeza hatari ya kiharusi. Akanipima palepale: 148/94. Mama yangu alipooza upande mmoja akiwa na miaka 51, kwa hiyo usingizi umepaa.

Kliniki nimepewa Jumanne ijayo. Aliyewahi kubadilisha njia ya uzazi kwa sababu hii, alihamia ipi? Sindano, kipandikizi, au koili? Na kichwa kikinishika kabla ya hiyo Jumanne, nimeze nini? Dawa za kawaida za maumivu kwangu ni kama maji. Tafadhali msiniambie ni uchawi, shangazi ameshasema.