Goti linalia ka! ka! nikipanda ngazi, hii ni nini jamani?

Mama Wawili, Kisumu: Habarini wadau. Naishi gorofa ya nne huku Kondele na lifti hakuna, sasa kama miezi miwili goti la kulia linalia ka! ka! kila ngazi, hadi kijana wangu anajua nimefika kabla nibishe mlango. Uchungu sisikii, halijafura, lakini jirani ananiambia mafuta ya goti yamekauka ninywe supu ya miguu ya ng'ombe kila siku. Ni ukweli ama ni stori tu? Niko na miaka 38.

Fizio Naks: Dada, hiyo ya mafuta kukauka naisikia kila wiki hapa kazini. Supu kunywa kama unaipenda, lakini haiendi kwa goti. Ndani ya goti kuna ute na huo ute umebeba gesi, ukikunja ama kunyoosha presha inabadilika gesi inafanya povu, ndio unasikia ka! kama ya vidole. Saa zingine ni kano imeruka juu ya mfupa. Lakini ya ngazi mara nyingi ni pia ya goti, ule mfupa wa mbele, inasugua ikipanda na kushuka. Weka kiganja hapo uchuchumae polepole, uniambie unasikia nini.

Winga wa Kakamega: Yangu haikuwa ya mchezo. Tulikuwa kwa mpira, mguu ukabaki kwa matope mwili ukageuka, nikasikia TAP, hadi golkipa akauliza ni nini. Jioni goti limefura kama papai, baadaye likaanza kukwama katikati halikunjiki halinyooki. Nikapigwa eksirei nikaambiwa mifupa iko sawa, nikarudi uwanjani bure tu, kumbe eksirei haionyeshi meniskasi, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, picha ya MRI ndio ilionyesha imepasuka. So mama likikwama ama lianze kukutupa usikae nyumbani.

Mama Wawili, Kisumu: Pole sana ndugu yangu. Fizio nimeweka mkono, ni kama mchanga hapo ndani! Na nikibeba mtungi wa maji wa lita 20 inazidi. Sasa nihame nyumba?

Fizio Naks: Usihame bana. Huo mchanga bila uchungu na bila kufura, kwa wengi si ugonjwa. Hiyo pia ya goti inaongozwa na msuli wa paja, huo ndio wa kufanyia kazi: kaa kwa kiti, nyoosha mguu mmoja, hesabu hadi kumi, shusha polepole, mara kumi kila mguu. Na huo mtungi mwachie kijana, si anakusikia ukiwa bado kwa ngazi.