Dola 100,000 kwa kila mchezaji wa D'Tigress: haki yao au hisani ya Ikulu?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni na ningependa tulijadili kwa hoja.

Tarehe 3 Agosti 2025, mjini Abidjan, timu ya taifa ya kikapu ya wanawake ya Nigeria, D'Tigress, iliifunga Mali 78-64 na kutwaa AfroBasket, ubingwa wa kikapu wa Afrika, kwa mara ya tano mfululizo. Tangu 2017 hakuna nchi nyingine iliyolibeba kombe hilo. Kesho yake timu ikapokelewa Ikulu, Abuja, na Makamu wa Rais Kashim Shettima, kwa niaba ya Rais Bola Tinubu, akatangaza zawadi: fedha zenye thamani ya dola 100,000 kwa kila mchezaji, dola 50,000 kwa kila mtu wa benchi la ufundi, nyumba na nishani ya taifa. Siku chache kabla, mabinti wa soka, Super Falcons, walikuwa wamepewa kiasi hicho hicho kwa kutwaa ubingwa wa Afrika kule Morocco.

Watu wakagawanyika. Wengine walisema hatimaye wanawake wamethaminiwa. Wengine wakauliza serikali inapata wapi fedha hizo wakati inawaambia wafanyakazi wake wasubiri.

Msimamo wangu ni huu: fedha hizo ni halali yao, na hata zingekuwa nyingi zaidi nisingelalamika. Ninachopinga ni kwamba zimetoka kama hisani, baada ya kombe, kwa tamko la mtu mmoja. Na timu hii inajua kuliko timu yoyote Afrika kwamba tamko la mtu mmoja linaweza pia kukunyang'anya.

Mwaka 2018, kwenye Kombe la Dunia kule Tenerife, walikuwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kufika robo fainali. Mwaka 2021 walitwaa ubingwa wa Afrika Yaoundé, kisha wakalazimika kurekodi video kudai posho zao, mabingwa wazima. Mei 2022, wakiwa wameshafuzu kwenda Kombe la Dunia Sydney, serikali ya Rais Muhammadu Buhari ikaiondoa nchi katika kikapu cha kimataifa kwa miaka miwili kwa sababu ya ugomvi wa uongozi ndani ya shirikisho. Ugomvi wa viongozi, si wa wachezaji. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ikawapa Mali nafasi hiyo. Serikali ilipogeuza uamuzi wiki chache baadaye, ilikuwa imechelewa. Kombe la Dunia huja kila baada ya miaka minne, na mchezaji aliyekuwa kwenye kilele chake mwaka ule hakurudishiwa kitu.

Kisha Paris 2024. Jioni ya ufunguzi wa Olimpiki walizuiwa kupanda boti ya wanamichezo wa nchi yao wenyewe, kwa maelezo kwamba watu wamekuwa wengi, wakarudi kijiji cha wanamichezo huku wenzao wakipita mto Seine na bendera. Siku tatu baadaye wakaifunga Australia 75-62, Australia ile ile iliyoondoka Paris na medali ya shaba. Wakaifunga Kanada 79-70 na kuingia robo fainali, hatua ambayo hakuna timu ya kikapu ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kuifikia kwenye Olimpiki. Marekani ndiyo iliyowatoa, 88-74, na kocha wao Rena Wakama akatangazwa kocha bora wa mashindano.

Kwa hiyo nauliza: timu yenye rekodi hiyo ipewe zawadi, au ipewe mkataba? Kwangu mimi mkono uliowapa nyumba Abuja ndio ule ule uliowanyima Sydney, na hakuna karatasi inayouzuia kufanya hivyo tena.

Mchangiaji, Temeke

Mleta mada, umezunguka mbuyu. Suala ni kiasi. Kima cha chini cha mshahara Nigeria ni naira 70,000 kwa mwezi tangu 2024. Dola 100,000, kwa kiwango cha wakati ule cha zaidi ya naira 1,500 kwa dola moja, ni zaidi ya naira milioni 150. Gawanya mwenyewe. Mtu wa kima cha chini angefanya kazi zaidi ya miaka 170 kuzipata. Wao wamezipata kwa mashindano ya siku tisa.

Halafu tazama tarehe. Wauguzi na wakunga wa Nigeria walianza mgomo wa onyo tarehe 30 Julai 2025, wakidai mambo ya msingi kabisa: posho za zamu, posho za sare, ajira za kujaza pengo. Mgomo ukasitishwa tarehe 2 Agosti kwa makubaliano na ahadi. Tarehe 4 Agosti wachezaji wanatajiwa mamilioni. Mke wangu ni muuguzi, na najua zamu ya usiku inavyomrudisha nyumbani. Usiniambie mabinti hawa wanastahili kuliko yeye. Nawapongeza, kombe ni kubwa, lakini hazina ni ya wote.

Mchangiaji, Eldoret

Nakubaliana na ndugu wa Temeke kuhusu wauguzi, lakini hasira yake nadhani ameielekeza kusiko. Wachezaji hawakuomba kiasi hicho. Walitajiwa wakiwa wamesimama mbele ya kamera.

Nataka kumjibu mleta mada, maana sisi Kenya tuliona namna nyingine mwezi ule ule. Siku ambayo D'Tigress walikuwa wanacheza fainali Abidjan, Harambee Stars, timu yetu ya soka ya wanaume, walikuwa Kasarani wanaifunga DR Congo 1-0 kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Rais William Ruto alikuwa ameshatangaza bei kabla: shilingi milioni moja kwa kila mchezaji kwa kila ushindi, nusu yake kwa sare. Dau likazidi kupanda, hadi nyumba za vyumba viwili iwapo wangeipita Madagascar. Wakatolewa kwa penalti.

Hapo ahadi ilikuja mapema, kama mleta mada anavyotaka. Je, ilikuwa mkataba? Hapana. Iliangukia timu ya wanaume, iliyokuwa nyumbani, kwenye televisheni, uwanja umefurika. Sijasikia binti anayecheza kikapu Kenya akitajiwa bei ya ushindi kabla ya mechi. Kwa hiyo hata kutangaza mapema hakutoshi kama anayetangaza ndiye anayechagua timu ya kupenda.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi ni mtu wa kikapu, nafundisha mabinti. Nyote mnazungumzia kilele, hakuna aliyegusa shina.

Wachezaji wengi wa D'Tigress wamekulia au kusomea Marekani. Ezinne Kalu amezaliwa New Jersey. Kocha Wakama naye amezaliwa Marekani. Siwakatai hata kidogo: wazazi wao ni Wanigeria, na jezi ya kijani wameibeba kwa heshima. Lakini elewa maana yake. Uwanja, ukumbi wa mazoezi, daktari wa misuli, chakula, yote hayo yaligharamiwa na vyuo vya Marekani. Serikali ya Nigeria inalipa mwisho wa safari ambayo haikuigharamia mwanzo. Nyumba hizo za Abuja hazitamfikia binti wa Kano ambaye shule yake haina hata goli moja la kikapu.

Na sisi tusijicheke. Hapa tumeona "goli la mama", zawadi ya Rais Samia iliyoanza mwaka 2023 kwa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika. Nililifurahia kama Mtanzania yeyote. Ila mabinti wa JKT Stars na Vijana Queens, wanaotoana jasho kwenye ligi ya kikapu ya Dar es Salaam, kikapu chao kinahesabiwa pointi mbili tu basi.

Sudan Kusini walikwenda Abidjan kwa mara yao ya kwanza na kurudi na nafasi ya tatu. Ukanda wetu una wachezaji. Wanachokosa ni siku za mazoezi na nauli.

Mleta mada

Ndugu wa Temeke, hesabu yako siipingi. Lakini ukitoa fedha za D'Tigress na kuzigawa kwa wauguzi wote wa Nigeria, kila mmoja atapata kiasi cha kununulia vitu vichache sokoni. Muuguzi naye tatizo lake ni lile lile: anaahidiwa, haandikiwi, au anaandikiwa na halipwi. Ndiyo maana sitaki hawa wawili wagombanishwe.

Dada wa Eldoret umenipeleka mbali zaidi ya nilipokuwa. Naongeza basi: bei ya ushindi iwe kwenye kanuni, ijulikane kabla, iwe ileile kwa timu ya wanaume na ya wanawake, na anayeilipa asiwe na nafasi ya kuchagua nani ampe.

Kocha wa Mwanza, hoja ya shina naipokea yote. Bado nasema tusimcheleweshee mchezaji wa leo haki yake kwa kusubiri viwanja vya kesho.

Nigeria tayari wamefuzu kwenda Kombe la Dunia Berlin, Septemba 2026, kwa ubingwa ule wa Abidjan. Hapo ndipo ningependa kuona karatasi: posho ya siku, bima ya jeraha, tiketi za ndege zilizokatwa kabla ya kambi, na kifungu kinachosema kwamba ugomvi wa viongozi hauwezi kuiondoa timu mashindanoni.

Mchangiaji, Eldoret

Na nani atatia sahihi upande wa wachezaji? Hapo ndipo mikataba mingi ya michezo yetu hufia. Shirikisho likijisainia pande zote mbili, tumerudi Yaoundé.

Mleta mada

Wachezaji wenyewe, wakiwa na wakili wao. Mwaka 2021 walisimama mbele ya kamera kwa sauti moja bila kuitwa na mtu. Wanaoweza kufanya hivyo wanaweza kuketi mezani.