Ni rangi ama ni mtaa? Mwanafunzi wa Kisumu nauliza

dala_binti (Kisumu)

Habari zenu. Niko mwaka wa pili, nasoma sosholojia, na lekchara ametupatia asaimenti tuandike vile sisi wenyewe tumekutana na ubaguzi, uwe wa rangi, wa kabila ama wa tabaka. Darasani tulianza na Marekani, George Floyd, yule mtu mweusi aliyeuawa na polisi pale Minneapolis 2020, na aki kila mtu alikuwa na la kusema, mikono juu mpaka saa ikaisha. Halafu lekchara akauliza, na hapa Kisumu je? Kukawa kimya. Hata mimi nilinyamaza na nilikuwa na kitu.

Kitu chenyewe ni hiki. Nimezaliwa Nyalenda. Mnaojua Kisumu mnajua Nyalenda na Milimani zimetenganishwa na barabara tu, Ring Road, huku mabati na mitaro, kule miti mikubwa na mageti. Mamangu anafulia watu nguo huko Milimani kwa hivyo hiyo barabara nimeivuka tangu nikiwa mdogo nimeshikwa mkono. Sasa mwezi jana nilikuwa najaza fomu ya atachimenti, yale mafunzo ya kazini, nikafika pale pa kuandika mtaa unaokaa, nikaandika Milimani. Sikufikiria hata, mkono uliandika tu. Baadaye ndio nikakumbuka rafiki yangu mwaka jana alienda kuuliza kazi ya duka, akaulizwa anakaa wapi, akasema Nyalenda, akaambiwa hapana, hapa tunaogopa mambo ya wizi. Na aliyemwambia hivyo ni mweusi kama sisi.

Halafu kuna supermaket moja hapa town, soja wa mlangoni hufungua begi langu anakoroga mpaka chini kabisa, na wakati huo huo mzungu anapita na begi la mgongo kubwa kama gunia anaambiwa karibu sana. Huyo soja namjua. Ni jirani, tunachota maji mahali pamoja.

Sasa nauliza, huyu jirani ananibagua kwa rangi ama kwa tabaka? Na mimi nilipoandika Milimani nilikuwa namkana nani? Sitaki insha ya kumpendeza lekchara, nataka kuelewa.

tafuta_pesa

Dada, Kenya hakuna ubaguzi wa rangi, hapa ni pesa. Shuka kwa Prado mbele ya hiyo supermaket uone kama kuna mtu atagusa begi lako. Maliza shule utafute pesa, hayo mengine yataisha yenyewe.

mzee_bondeni (Nakuru)

Binti yangu, umeuliza swali zito na huyo kijana hapo juu amekujibu haraka sana. Ni kweli pesa inafungua mlango, lakini nani alijenga mlango?

Reli ilifika hapo kwenu Desemba 1901, mahali palikuwa panaitwa Port Florence. Mji ulipopangwa, mzungu akachukua mwinuko penye upepo wa ziwa, Mhindi akawekwa penye maduka, na Mwafrika akaambiwa akae nje ya mpaka wa mji, eti kwa sababu ya tauni na magonjwa. Kwa hivyo Nyalenda na Manyatta ziliota nje ya mpaka, watu wakajijengea, na zilipoingizwa ndani ya mji miaka ya 1970 mabomba ya maji na ya maji taka hayakuja pamoja na huo mpaka. Hiyo barabara unayovuka na mamako haiko hapo kwa bahati mbaya.

Hapa Nakuru ndio usiseme, huu ulikuwa mji wa walowezi. Babangu alifanya kazi shamba la mzungu upande wa Njoro na alivaa kipande shingoni, kile cheti cha alama za vidole ndani ya kibati, kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kuwa nacho na mwajiri ndiye aliandika humo kama unaweza kuondoka ama la. Alikuwa akituonyesha kwa kidole mahali uzi ulipita kwenye shingo. Serikali nayo ililipa mishahara kwa rangi, mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kazi ikiwa ni ile ile, na hiyo ilienda mpaka miaka ya 1950.

Sasa 1963 uhuru ukaja. Nyumba za Milimani hazikubomolewa, waliingia watu wetu wenye vyeo na uzio ukabaki pale pale. Ndio maana ukiuliza ni rangi ama ni tabaka, mimi kwa macho yangu naona ni kitu kimoja kimebadilisha mavazi. Na huyo soja usimchukie. Anajua anayemlipa anataka kuona nani akipekuliwa, na akikuacha upite wewe jirani yake ataulizwa.

shinyalu_moja (Kakamega)

Mzee heshima sana, lakini tusimbebeshe mkoloni mzigo wote. Mimi ni Mluhya, nina diploma ya uhasibu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa Nakuru na siku ya pili mgeni ameingia ofisini ananiuliza chai iko wapi, si kwamba nilikuwa karibu na chupa, alisikia tu jina langu na vile naongea. Ukisema unatoka Kakamega watu wanawaza mpishi ama mlinzi wa geti. Hao wapishi na walinzi ni watu wa heshima na wamesomesha wengi wetu, lakini kwa nini iwe ndio jibu kabla sijafungua mdomo?

Na lafudhi. Nilikuwa na mwenzangu darasani alikuwa anachanganya b na p, akichekwa kila akisoma, mpaka akaacha kuinua mkono kabisa. Alikuwa bora kuliko sisi wote kwa hesabu. Mimi pia nilicheka na nikimkumbuka naumia.

Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa darasa la sita hapo Nakuru. Sitaandika sana. Nilijifunza wiki ile kwamba jina lako la pili linaweza kuulizwa barabarani na jibu likawa kubwa kuliko wewe mwenyewe. Pesa haikusaidia, kuna matajiri walilala showground, ule uwanja wa maonyesho tuliokimbilia, na watoto wao kama sisi.

Kwa asaimenti yako dada soma Katiba ya 2010 kifungu cha 27. Kimetaja rangi, kimetaja kabila, na kimetaja pia asili ya kijamii. Kwa hivyo yule aliyemnyima rafiki yako kazi kwa sababu ya Nyalenda, sheria inamgusa.

mzaliwa_wa_kisumu

Nimesoma yote na nimefuta hii komenti mara tatu. Mimi ni wa wale mnaita Wahindi. Babu wa baba yangu alikuwa na duka dogo huku Nyanza, mimi naongea Dholuo kuliko Kigujarati, na bado kila mwaka kuna mtu ananiambia nirudi kwetu. Kwetu ni wapi? 2017 serikali ilitutambua kama kabila la 44, siku hiyo babangu alilia mbele ya tivi. Watu hawamkumbuki Makhan Singh wa vyama vya wafanyakazi, aliyedai uhuru waziwazi 1950 na mkoloni akamzuilia mpaka 1961.

Lakini sikuja kujitetea, nilikuja kusema lingine. Nyumbani kwetu nilipokuwa mdogo kulikuwa na kikombe cha mfanyakazi. Cha bati, chenye ukingo wa buluu, kiliwekwa chini ya sinki na si kabatini. Hakuna aliyewahi kunieleza sababu na sikuwahi kuuliza. Dada aliyetulea ndiye alinifundisha kutembea, alinibeba mgongoni, alinilisha kwa mkono wake, halafu chai yake alikunywa amesimama nje na kikombe kile. Nilikuwa na miaka 19 ndio nikakitoa. Mamangu hakuongea na mimi siku mbili. Dada huyo alikuwa ameshaenda kwao Siaya.

dala_binti (Kisumu)

Asanteni, mzee asante sana, na wewe wa kikombe asante hata zaidi. Nilikuwa nimekaa na mama jikoni nikisoma hii kwa simu, nikamsomea hiyo ya kikombe kwa sauti. Mama hapo Milimani anafulia familia moja ya watu weusi kabisa, ni watu wa kanisa, wamekuwa wazuri kwetu hata karo ya sekondari walichangia. Nikamuuliza, mama, kule wewe hunywa chai na nini?

Akaendelea kuchambua sukuma, kisha akasema, mimi nabeba changu kwa mfuko, sitaki waanze kutafuta cha kunipa.

Miaka yote nimeona hicho kikombe kwa mfuko wake na nilidhani anakipenda tu.

Fomu nitaomba nyingine kesho niandike mtaa wetu.