Tupeane uzoefu: tangazo gani la maktaba uliwahi kulifuata, na ikawaje?

Gundi Mkononi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Miaka mingi nilipita mbele ya maktaba ya umma nikijua mle ndani ni pa wenye mitihani. Siku moja mvua ikanifukuza barabarani, nikajibanza pale mlangoni, na kwa kukosa la kufanya nikaanza kusoma ubao wa matangazo. Kumbe mambo yapo! Saa ya hadithi kwa watoto, kikundi cha usomaji, mafunzo ya kompyuta kwa wazee, orodha ya vitabu vipya, mauzo ya vitabu vilivyoondolewa rafuni. Chini kabisa kulikuwa na karatasi inayoning'inia kwa pini moja: wanatafuta watu wa kujitolea kukarabati vitabu. Nikajiandikisha hapo, kwa sababu moja tu: hapakuwa na kuongea mbele ya watu.

Siku ya kwanza nilienda na selotepu yangu mfukoni, najiona nimejipanga. Mama wa zamu akaichukua kwa vidole viwili, akaitupia kwenye droo, akafunga. Kisha akanifungulia kitabu kilichowahi kubandikwa selotepu zamani. Plastiki ilikuwa imeshabanduka yenyewe, lakini gundi yake ilikuwa imezama kwenye karatasi na kuacha michirizi ya kahawia juu ya maneno. Haitoki tena hiyo. Ukurasa uliochanika huungwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga. Jalada likilegea, unachukua sindano ndefu ya kufumia, unaipaka gundi nyeupe, unaipenyeza kwenye uwazi kati ya jalada na mgongo wa kurasa, unaizungusha taratibu mpaka gundi ienee, unaichomoa. Unaweka karatasi ya nta ndani ya jalada ili lisigandane na kurasa, halafu unakikandamiza usiku kucha. Sisi tunatumia matofali tuliyoyaviringisha magazeti. Huu mwaka wa pili.

Sasa leteni yenu. Tangazo lilisemaje, ulikuta nini, kwa nini uliendelea au uliacha. Na zile shughuli zilizokufa ndizo nazitaka zaidi, maana za mafanikio kila mtu anazo.

Mama Pacha

Mimi nisiwe mnafiki: nilifuata saa ya hadithi ili nipate saa moja ya kukaa bila kuitwa "mama, mama". Wiki za mwanzo ilikuwa vurugu. Kijana aliyekuwa akisoma alikishika kitabu kama mwanafunzi darasani, macho kwenye maandishi, picha anaziona yeye peke yake. Watoto wakawa wanatambaa chini ya meza.

Kisha akaja dada mwingine. Huyu alikaa kwenye kigoda, akakigeuza kitabu picha ziwatazame watoto, yeye akawa anasomea ubavuni. Kila kabla ya kufunua ukurasa anasimama: "Mnadhani atafanyaje huyu?" Wanabishana, wanapiga kelele, ndipo anafunua. Kitabu cha kurasa ishirini na kitu kinachukua nusu saa na hakuna anayetambaa.

Mwezi wa pili nikamkuta Kulwa wangu amemkalisha mdoli, amemgeuzia kitabu, anamuuliza, "Unadhani atafanyaje?" Hajui hata herufi moja. Kitabu chenyewe kilikuwa mwongozo wa mashine ya kufulia.

Mzee wa Magazeti

Vijana, hamjambo. Mimi tangu nistaafu ni mtu wa chumba cha magazeti. Naingia wanapofungua, natoka macho yakichoka. Siku moja wakatuletea karatasi pale pale mezani: mafunzo ya kompyuta kwa wenye umri wa miaka sitini na kuendelea.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa sekondari aliyejitolea wakati wa likizo. Akasema, "Babu, peleka mshale juu." Nikanyanyua kipanya hewani. Mshale haukuenda popote. Nikakinyanyua zaidi, mpaka waya ukavutika. Yule binti hakucheka. Aliweka mkono wake juu ya wangu, tukakisukuma pamoja juu ya meza kuelekea kwenye skrini, mshale ukapanda. Jirani yangu naye alikuwa amekinyanyua cha kwake, basi tukashusha wote wawili kimya kimya.

Sasa natafuta vitabu kwenye katalogi mwenyewe. Lawama yangu ni moja: likizo ilipokwisha, mafunzo nayo yakaisha. Mwalimu karudi shule, hakuna aliyempokea kijiti. Karatasi ya tangazo bado ipo ukutani mpaka leo, watu wanafika wanakuta chumba kimefungwa.

Mama Pacha

Shikamoo mzee. Hapo kwa waya ukavutika nimecheka peke yangu, nisamehe.

Mzee wa Magazeti

Marahaba mwanangu. Cheka tu, hata mimi nacheka siku hizi.

Deni la Zamani

Mimi nilifuata tangazo la msamaha wa faini. Nilihama nyumba nikiwa na kitabu chao ndani ya boksi. Nilipokiona ilikuwa imeshapita miaka sita, nikapiga hesabu ya faini kwa siku, nikaogopa kupita hata mtaa ule. Ndiyo, miaka sita nyingine nikajinyima maktaba nzima kwa ajili ya kitabu kimoja cha ufugaji wa nyuki. Na nyuki sijafuga.

Wiki ya msamaha nikakirudisha nimekifunga kwenye mfuko mweusi. Yule wa kaunta akakigeuza, akatazama karatasi ya tarehe nyuma, akasema, "Hiki tulishakiandika kimepotea," akapiga muhuri. Basi. Hakuna hotuba.

Baadaye nikasoma kwamba maktaba za umma za Chicago zilifuta kabisa faini za kuchelewesha mwaka 2019, na vitabu vilivyokuwa vimekaa miaka majumbani vikaanza kurudi kwa wingi. Nawaelewa waliorudisha. Tatizo letu si wizi, ni aibu.

Nyuma ya Kaunta

Mleta mada, mimi ni mkutubi, kwa hiyo niruhusuni niseme kutoka upande wa pili.

Kwanza, tarehe. Shughuli nyingi za maktaba huangukia siku zilezile kwa sababu ndizo siku ambazo wakubwa hutoa ruhusa na fedha bila kubembelezwa: 23 Aprili, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995, 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, inayoadhimishwa tangu 1967, na sasa 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyopitishwa mwaka 2021. Ukiwa na wazo lako, lilete miezi miwili kabla ya mojawapo ya hizo. Ukilileta wiki yenyewe, tutakupa tabasamu tu.

Pili, kitabu cha mahudhurio pale mlangoni. Mnakiruka, najua, mnadhani ni urasimu. Kile ndicho tunachokipeleka tunapoomba bajeti. Saa ya hadithi ya watoto arobaini ambayo imesainiwa na wazazi sita, kwenye ripoti ni ya watu sita.

Tatu, mauzo ya vitabu vilivyoondolewa. Kila mwaka kuna anayekuja kutugombeza kwamba tunatupa elimu. Rafu haziongezeki. Kitabu cha sheria kilichopitwa na sheria yenyewe, au cha tiba chenye dozi zisizotumika tena, hicho kukiacha rafuni ndiyo hatari. Ila nakubali huwa tunakosea. Nimewahi kuondoa kitabu Jumatatu, kikaulizwa Jumatano.

Nne, na hili ndilo huniumiza, watu wanaogopa namba zilizo kwenye migongo ya vitabu. Mfumo unaotumika sehemu nyingi ni wa Melvil Dewey, wa mwaka 1876. Amegawa maarifa yote mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Lugha ni 400, sayansi 500, fasihi 800, historia na jiografia 900. Ukifuata 496.392 unakikuta Kiswahili kama lugha, ukifuata 896.392 unakuta fasihi ya Kiswahili. Huyo bwana wakati wake aliipa dini ya Kikristo karibu fungu zima la 200 na lugha za Afrika nzima akazibana kwenye kona ya 490, ndiyo maana namba zetu ni ndefu hivyo. Lakini ukishaikariri hiyo 896.392, hata ukiwa ugenini unaenda moja kwa moja kwenye rafu bila kumuuliza mtu.

Na kuhusu ubao wa matangazo: tulihamisha karatasi zote muhimu kwenye mlango wa choo, upande wa ndani. Ndipo tangazo la kikundi cha usomaji likaanza kusomwa.

Kiti cha Nyuma

Mkutubi umetaja kikundi cha usomaji, ngoja nieleze chetu kilivyokufa, maana nilikuwepo kwenye kitanda cha mgonjwa.

Tulianza watu kumi na wawili. Kosa la kwanza: tulichagua riwaya ambayo maktaba ilikuwa na nakala moja. Aliyeiazima wa kwanza akakaa nayo wiki mbili, wa pili akaongeza muda, siku ya kikao waliosoma ni wawili na wengine tumekuja na nyuso. Kosa la pili lilikuwa mtu. Kila kikundi kina mmoja ambaye kila anachokisikia kinamkumbusha jambo alilosoma zamani. Wetu alikuwa akianza kuongea, unaweza kwenda nje, ukapiga simu, ukarudi, bado yupo kwenye utangulizi. Hakuna aliyethubutu kumkata, umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wetu. Wakabaki wanne, wakabaki wawili, na hao wawili nadhani walikuwa wanasubiri usafiri.

Kikafufuka miezi minane baadaye kwa sharti moja la yule dada wa maktaba: hakuna kusoma nyumbani. Tunakaa duara, hadithi fupi moja imetolewa nakala, kila mtu anasoma aya moja kwa sauti na kumpa jirani. Asiyetaka kusoma anasema "pita". Ikiisha ndipo tunazungumza. Yule mzee wetu sasa anapata aya yake kama wengine, na nisiseme uongo, anasoma vizuri kuliko wote. Sauti ile ilikuwa inapotea bure kwenye hotuba.

Vidole Sita

Jina langu lisiwatishe, ninavyo kumi kama ninyi. Ni kwa sababu ya nukta sita za breli. Mimi sioni tangu utotoni.

Tangazo lililonihusu lilikuwa la kona mpya ya vitabu vya breli, na lilibandikwa ukutani kwa maandishi ya wino. Mlisikie hilo vizuri. Nimelijua kwa kuambiwa na jirani.

Nilipofika nikakuta rafu mbili. Watu hawajui breli inavyokula nafasi: riwaya moja ya kawaida inakuwa majalada manne au matano makubwa, kwa sababu karatasi ni nene na nukta haziwezi kupunguzwa ukubwa. Kwa hiyo mkiambiwa tuna vitabu arobaini, gawanyeni. Upo mkataba wa kimataifa uliopitishwa Marrakesh mwaka 2013 unaoruhusu kutengeneza nakala za breli na za sauti bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo kati ya nchi zilizouridhia. Ulizeni kama maktaba yenu inautumia. Yetu ilikuwa haijausikia.

Sasa tukio lenyewe. Mkutubi mmoja akaniomba niwasomee watoto. Nikamwambia zima taa, funga mapazia. Watoto wakapiga yowe, kisha wakatulia. Nikaanza kusoma. Baada ya kama dakika mbili sauti ndogo ikauliza gizani, "Anaonaje?" Mwingine akamjibu kwa hasira, "Haoni, anashika!" Nikawapitisha mmoja mmoja, nikawashika vidole na kuviweka kwenye mstari. Wengi hubonyeza kwa nguvu. Nikawa nawaambia wapapase tu, kama wanatafuta chembe ya mchanga kwenye shuka. Mmoja akagoma kuondoka mpaka aipate herufi ya jina lake.

Bando Limeisha

Kwa nini mtu asumbuke wakati kila kitu kipo kwenye simu?

Deni la Zamani

Mkuu, jina lako limeshajibu.

Mgeni wa Uzi

Nimesoma yote. Ya kwetu ubao upo ila una tangazo moja tu: "Kimya tafadhali." Naanzia wapi?

Nyuma ya Kaunta

Usiende na malalamiko, nenda na watu watatu, siku na saa. Sema "Tunaomba chumba, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne mpaka saa tano, viti tutapanga na kupangua wenyewe." Sahau vyote, hilo la viti usilisahau. Na waulizeni ilani ya UNESCO kuhusu maktaba za umma, ya mwaka 1949, iliyohuishwa 1994 na tena 2022. Mle imeandikwa kwamba huduma ya maktaba ya umma kimsingi iwe bure na kwa wote. Usiitaje kwa ukali. Iweke tu mezani.

Vidole Sita

Na tangazo lenu mkishaliandika, mtu alisome kwa sauti pale mlangoni angalau mara moja kwa siku.

Gundi Mkononi (mleta mada)

Nimelichukua hilo la Vidole Sita, kesho nalipeleka. Mzee wa Magazeti, yule binti akifunga shule tena nistue, nina jioni mbili za wiki na kipanya najua kukishika.

Nawaacha kidogo. Kuna atlasi tumeipa matofali tangu jana, saa mbili asubuhi inatakiwa irudi rafuni.