Punje za kioo kwenye rangi nyeupe: kwa nini ubao wangu hauwaki?

MchoraVibao_Kibokoni:
Assalam alaykum. Nachora vibao vya maduka hapa Kibokoni mwaka wa kumi na sita huu. Kuna mchoraji Mmarekani, Mary Corse, ameniingia moyoni. Mwaka 1968 alikuwa akiendesha gari huko Malibu, pwani ya California, jua linatua nyuma yake, akaona mistari ya barabara imewaka mbele. Tangu hapo huweka punje ndogo za kioo, zile zile za mistari ya barabara, kwenye rangi nyeupe. Hachori mtu wala jahazi. Ni mikanda mitupu, nyeupe juu ya nyeupe. Ukisogea hatua mbili mkanda unatokea, ukirudi umepotea.

Nami nimepata punje kikombe kimoja, laini kama mchanga wa pwani. Nimezikoroga kwenye rangi ya maji, nikapaka ubao wa futi nne. Umekauka kama ukuta wa chokaa. Nimekosea wapi?

FundiMistari:
Waalaykum salaam kaka. Umezizamisha! Nimepaka mistari ya barabara miaka saba. Punje hunyunyizwa juu, rangi ikiwa mbichi: nusu izame, nusu ibaki nje. Mwanga unaingia, unapinda ndani ya kioo, unagonga rangi iliyo nyuma yake, unarudi ulikotoka. Ukiifunika punje yote, mwanga unaingilia wapi? Zipo za kuchanganya ndani ya rangi, lakini hizo hungoja magurudumu yasugue ndipo zitokeze. Na zikimwagika sakafuni fagia upesi, zinatelezesha vibaya sana.

BintiKuze:
Na uliutazama umesimama wapi? Ikiwa mwanga unarudi ulikotoka, taa iwe nyuma yako, karibu na kichwa. Ubao ukiuweka ubavuni mwa dirisha huoni kitu.

MchoraVibao_Kibokoni:
Ahsanteni, Mungu awazidishie. Jana baada ya alasiri nimepaka upya, nikanyunyiza kwa chujio cha chai, nikigonga ukingo kwa kidole pole pole. Usiku stima zikapotea. Nikawasha tochi ya simu, nikaishika kando ya jicho. Wallahi ubao wote umewaka, isipokuwa pale nilipoushika rangi haijakauka: alama nne za vidole, kijivu kabisa. Nikipeleka tochi mbali na uso, ubao unazimika, nikiirudisha, unawaka. Mama akauliza kutoka chumbani, stima zimerudi?

Hizo alama za vidole sizifuti.