Naomba ushauri: mapato na matumizi ya kijiji hayasomwi

Wakuu, habari za leo. Kijijini kwetu tunachangishwa fedha za kumalizia zahanati, lakini mkutano mkuu wa kijiji hauitishwi, wala mapato na matumizi hayasomwi. Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nikihoji, naambiwa nimetumwa na chama fulani. Hilo linaniuma sana, maana zahanati haina chama. Wake zetu wote watajifungulia humo. Majirani wananiunga mkono pembeni, hadharani wananyamaza. Je, nianze na barua kwa mtendaji wa kata, au kwanza nikusanye sahihi za wanakijiji? Aliyewahi kupita njia hii anielekeze.