Ushauri: riwaya ya Maji Maji imekosea tarehe, niseme au ninyamaze?

Mpenda_Kurasa: Wakuu, gazeti limenipa riwaya mpya ya Vita vya Maji Maji niihakiki. Lugha tamu mno. Ila sura ya tisa Kinjikitile, yule mganga wa maji ya dawa, anawahutubia wapiganaji wakati boma la Wajerumani la Mahenge linashambuliwa, yaani 30 Agosti 1905. Wajerumani walishamnyonga kule Mohoro tarehe 4 mwezi huohuo! Niseme? Usingizi sipati.

Tumbi: Riwaya ni riwaya mkuu. Akitaka historia asome historia.

Mwalimu_Mstaafu: Hapana. Kubuni maneno ya mama aliyeng'oa pamba ya Wajerumani kule Matumbi ni sawa, hakuna aliyeyaandika. Kumfufua mtu ambaye kifo chake kina tarehe, hapo mwandishi atuambie mwishoni kwamba amefanya makusudi. Kuna maelezo yake?

Binti_Songea: Marehemu bibi alitusimulia njaa kuliko vita. Maghala yalichomwa, watu wakala mizizi. Riwaya zote huishia kwenye risasi, wakati njaa ndiyo iliyotumaliza. Humo ipo?

Kanyaga: Mleta uzi, mhakiki hakosi usingizi kwa sura moja. Mwandishi ni nani kwako?

Mpenda_Kurasa: Shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Na mswada niliupitia mimi, sura hiyo ikanipita. Uhakiki nilishautuma jana. Nimesifia lugha, nayo inastahili. Sijadanganya mtu, nimenyamaza tu.

Mwalimu_Mstaafu: Mwanangu, msomaji anatoa hela yake kwa neno lako. Mpigie mhariri leo, mweleze undugu huo, kitabu apewe mwingine.

Tumbi: Ukimwandika vibaya shemeji, ukweni utaingilia wapi? Mimi niliwahi kukosoa shairi la baba mkwe, mwaka mzima hatukusalimiana.

Kanyaga: Hii chai. Kitabu hakina jina, mwandishi hana jina. Wewe ndiye mwandishi, unapima upepo kabla hujaumbuliwa.

Mpenda_Kurasa: Jina silitaji kwa ajili ya mke wangu. Maelezo ya mwandishi yapo, kurasa mbili, Mahenge hayaigusi. Mhariri nitampigia, ila sifa za lugha sizifuti.

Binti_Songea: Awe mwandishi, awe shemeji, mimi sijajibiwa. Njaa ipo?

Mpenda_Kurasa: Ipo dada. Aya moja.

Binti_Songea: Kurasa ngapi kitabu kizima?

Mpenda_Kurasa: 312.

Binti_Songea: Basi ukimpigia mhariri, mwambie na hilo.